Kubadilisha sili ya mbele ya krenki kwenye Hilux ya dizeli, na kuhakikisha kwanza kama ndiyo inayovuja

Kuna Hilux moja ya injini ya 3L ambayo niliibadilishia sili ya mbele ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, mara tatu ndani ya miezi miwili. Mwenyewe ni mzee anayepakia ndizi Tukuyu na kuzishusha Uyole na Mwanjelwa. Sili ya kwanza ilipovuja nilidhani nimeuziwa feki. Ya pili nikadhani niliigonga ikaingia upande. Ya tatu ilipoanza kulowesha kava la taimingi, mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Fundi, mimi nimeiangalia. Nikianza kupanda kutoka Tukuyu kuja Isongole, inavuja. Nikishateremka kuja Uyole, naikuta kavu."

Maneno yale ndiyo yaliyonifungua macho. Nilichomoa mpira wa kupumulia, ule unaotoka kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, kwenda kwenye njia ya hewa ya injini, nikakuta umezibwa na masizi yaliyochanganyika na oili hadi yameganda kama lami. Injini ikibeba tani ya ndizi mlimani, gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni haikuwa na pa kutokea, ikawa inaisukuma oili nje kupitia sili. Nilisafisha mpira ule kwa nusu saa. Sili ya tatu, ile ile niliyokuwa nimejiandaa kuing'oa, ikaacha kuvuja.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na spana. Unaanza na kuangalia.

Injini ninazozungumzia

Ninazungumzia familia ya Toyota 2L, 3L na 5L, kwa sababu ndizo zinazobeba viazi vya Umalila, mbao za Mufindi na ndizi za Rungwe, na nyingi zina umri mkubwa kuliko vijana wanaozifungua. Zinatumia mkanda wa taimingi unaoendesha kemshafti, yaani shafti ya juu inayofungua valvu, na pampu ya dizeli, na sili ya mbele ya krenki imekaa kwenye bodi ya pampu ya oili, nyuma ya mkanda huo. Mwenye Land Cruiser ya 1HZ asifuate hatua za kufungua mkanda kama zilivyo hapa, kwa sababu kwenye injini ile krenki inaiendesha pampu ya dizeli kwa gia, na mkanda unaanzia hapo kwenda juu kwenye kemshafti. Kuhusu kutafuta chanzo na kushughulikia sili yenyewe, mambo ni yale yale.

Sili ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaobanwa kwenye shafti na springi ndogo ya mviringo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, shafti inauzungukia mdomo huo mara 50 kila sekunde. Sili imetengenezwa kuzuia oili inayorushwa na kutiririka. Haikutengenezwa kuzuia presha. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini sili mpya inaweza kuvuja siku ile ile.

Kutafuta inakotoka

Oili inashuka, na upepo wa feni unaipeleka nyuma. Mahali unapoiona ikidondoka ni nadra kuwa mahali inapotoka. Kanuni ninayoifuata ni moja: tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kabisa na mbele kabisa. Lakini kwenye injini iliyopakwa tope la oili na vumbi la miaka kumi huwezi kuiona, kwa hiyo lazima uoshe.

Injini ikiwa ya vuguvugu, si ya moto, paka mafuta ya taa kwa brashi, acha dakika chache, kisha osha kwa maji ya sabuni. Funika alteneta na mdomo wa njia ya hewa kwa mifuko ya plastiki. Ikikauka, nyunyiza poda ya mtoto kwenye kava la taimingi, pembeni mwa tapeti kava, chini ya alteneta na kuzunguka filta ya oili. Washa, iache dakika 10, kisha zunguka nalo, ikiwezekana upande mlima. Rudi uangalie poda imelowa wapi. Njia hii ni ya bei ya kopo moja la poda na imeniokoa na kazi nyingi za bure.

Haya ndiyo ninayoyakuta mara nyingi yakisingiziwa sili ya krenki:

Gasketi ya tapeti kava, hasa kona za mbele na za nyuma. Ya mbele inatiririka juu ya kava la taimingi. Ya nyuma inashuka hadi kwenye kiungo cha injini na gia boksi, na watu wameshusha gia boksi kwa kosa hilo.

Pampu ya vakamu iliyo mgongoni mwa alteneta. Inalainishwa kwa oili ya injini kupitia mpira mwembamba. Mpira ule ukipasuka au sili ya pampu ikichoka, oili inarushwa pembeni mwa injini na nyingine inaingia kwenye alteneta yenyewe. Ukiona alteneta imelowa na chaji inapungua, anzia hapo.

Filta ya oili. Wakati mwingine raba ya filta ya zamani ilibaki imeganda kwenye bloku na mpya ikafungwa juu yake. Raba mbili hazikai.

Dizeli yenyewe. Chovya kidole na unuse. Dizeli ni nyepesi, harufu yake haijifichi, na ukisugua vidole haiachi utelezi mzito kama wa oili. Pampu ya dizeli ikivuja inalowesha upande ule ule.

Sili ya mbele ya krenki ikiwa ndiyo yenyewe, utaona oili ikichungulia nyuma ya puli kubwa ya chini, ikirushwa kwa duara kuizunguka, na sehemu ya chini ya kava la taimingi italowa huku ya juu ikiwa kavu. Ikilowa kuanzia juu, shuku sili ya kemshafti.

Kuna jambo moja la huku kwetu la kuzingatia. Sili iliyozeeka ni ngumu kama kiatu kilichoachwa juani. Asubuhi za Juni na Julai, na zaidi Njombe na Makete, inavuja gari likiwashwa, halafu inaacha injini ikipata joto na mpira kulainika kidogo. Ukiwa mtu wa kuangalia mchana tu utasema gari ni zima.

Pumzi ya injini, kabla ya kununua chochote

Angalia stiki ya oili gari likiwa sehemu tambarare. Oili ikizidi alama ya juu, krenki inaipiga hadi inatoa povu na kusukumwa nje. Ikiwa imezidi bila wewe kuongeza, nusa: huenda dizeli inaingia. Kwenye 1HZ, sili ya shafti ya pampu ya dizeli ikichoka inamwaga dizeli ndani ya sampu, bakuli la oili la chini ya injini, na oili iliyochanganyika hivyo inaua beringi.

Halafu chomoa mpira wa kupumulia na uuoshe kwa mafuta ya taa. Pulizia. Hewa ipite bila kubanwa hata kidogo.

Ukisharudisha mpira, washa injini, iwe sailensa ya kawaida, yaani ingurume bila kukanyagwa mafuta, ufungue kifuniko cha kujazia oili na ukiweke juu ya tundu kikiwa legelege. Dizeli ya zamani itatoa mvuke kidogo na kifuniko kitatikisika. Hiyo ni hali ya kawaida. Lakini kikirukaruka na moshi ukitoka kwa kufuatana kama bomba la ekzosi, ringi zimechoka, na sili yoyote utakayoweka itakuwa na maisha mafupi. Mwambie mwenye gari ukweli huo kabla hajatoa hela. Wengine wataamua kubadilisha sili na kuongeza oili njiani, na huo ni uamuzi wao, mradi wanajua.

Wapo pia wanaouliza kama wanaweza kusubiri. Hesabu yake ni rahisi: matone 20 ni takribani mililita 1. Tone moja kila sekunde kwa safari ya saa tano ni mililita 900, karibu lita nzima. Na oili ile haidondoki tu, inapita kwenye mkanda wa taimingi. Mpira wa mkanda ukilowa oili unavimba na kuoza, na kwenye dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo sana. Mkanda ukikatika au kuruka meno, pistoni inagonga valvu.

Spea na vifaa

Nunua sili ya krenki, na ukifika hapo nunua na ya kemshafti, maana utakuwa umeshafungua. Usiende dukani na jina la gari peke yake. Kwenye uso wa sili pameandikwa vipimo vitatu kwa milimita: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Linganisha na ya zamani. Kama mshale umechorwa, uelekee upande krenki inakozungukia. Uliza imetengenezwa kwa mpira gani. Mpira wa kawaida wa nitraili unavumilia joto la takribani nyuzi 100 tu, wakati wa Viton unafika karibu 200. Wa pili ni ghali, ila kwa gari la milimani ninaushauri bila kusita.

Mkanda wa taimingi nao. Magari haya yana taa ya maandishi T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kukumbusha, kawaida kila kilomita 100,000. Lakini mkanda uliolowa oili haurudishwi, hata kama ulifungwa mwezi uliopita. Usiuoshe kwa petroli ukadhani umepona. Zungusha pia beringi ya tensheni, ile inayokaza mkanda, kwa mkono, ikikwaruza, badilisha.

Andaa boksi spana za saizi kamili, pula ya puli, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), bisibisi bapa, tepu ya plastiki, grisi, kipande cha bomba la plastiki la maji ambacho kipenyo chake ni kidogo kidogo kuliko cha nje cha sili, na jeki stendi. Viwanja vyetu vingi vina mteremko. Weka mawe au magogo kwenye magurudumu na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kufungua

Toa waya hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta kwenye ndoo safi, ufungue rejeta na kava la feni. Inawezekana kufanya kazi bila kutoa rejeta, lakini nafasi ni finyu na utaitoboa. Toa feni na mikanda ya nje.

Kabla ya kugusa bolti kubwa ya krenki, fungua kava la taimingi sehemu ya juu na uweke injini kwenye taimingi. Izungushe kwa spana upande wa mshale wa saa, ukiwa umesimama mbele ya gari, hadi alama ya puli ya krenki ikae kwenye kielekezi chake na alama ya puli ya kemshafti ikae mahali pake. Ikiwa ya krenki imekaa na ya kemshafti imeelekea chini, zungusha mzunguko mmoja mwingine. Kisha chukua rangi nyeupe au ya kucha na uchore alama zako mwenyewe kwenye puli ya kemshafti, ya pampu ya dizeli na ya krenki. Piga na picha ya simu. Alama za kiwandani kwenye injini ya zamani huwa zimefutika nusu, na saa kumi na mbili jioni zote zinafanana.

Bolti ya krenki ni ngumu. Ingiza gia ya tano, vuta hendibreki, na msaidizi akanyage breki kwa nguvu. Wapo wanaokaza spana kwenye chasisi na kupiga stata ili ilegee. Usifanye hivyo. Spana ikichomoka haichagui inampata nani, na hapa taimingi uliyoipanga itakuwa imeondoka.

Puli itoke kwa pula, kwa bolti mbili zinazoingia kwenye matundu yake. Usiichokonoe kwa tindo nyuma, maana bodi ya pampu ya oili ni laini. Toa kava la chini. Hakikisha alama bado ziko mahali pake, legeza tensheni, toa mkanda. Kuanzia hapa usizungushe krenki wala kemshafti. Toa puli ndogo ya meno ya krenki, na ulinde ule ufunguo wa chuma uliokaa kwenye mfereji wake. Ukidondokea kwenye nyasi utautafuta hadi kesho.

Kutoa sili ya zamani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kwanza pima kwa ncha ya stiki sili imeingia kina gani, au kama imelingana na ukingo wa bodi, na uandike. Kata mdomo wake wa mpira kwa kisu chenye ncha. Zungushia tepu kwenye ncha ya bisibisi, iingize pale ulipokata, na uinue taratibu, huku na huku. Chuma cha bisibisi kisiguse shafti hata mara moja. Mkwaruzo mmoja unaokatisha njia ya mdomo wa sili ni mfereji wa kupitishia oili, na hakuna sili itakayouziba.

Ikitoka, iangalie vizuri. Mdomo uliopasuka na mgumu maana yake ni umri. Mdomo uliolainika na kuvimba maana yake ni oili isiyofaa au dawa za kuzuia kuvuja. Mdomo mzima, laini, wenye springi yake: hapo rudi ukaangalie pumzi ya injini na shafti.

Shafti pitishia ukucha. Mahali mdomo ulipokuwa ukigusa, mara nyingi pana ukanda unaong'aa. Kung'aa si tatizo. Ukucha ukikwama, kuna mfereji. Kama nafasi ya sili inaruhusu, weka mpya ikiwa imetofautiana kina na ya zamani kwa milimita 1 au 2, ili mdomo upate njia mpya ya kugusa; mradi usizibe tundu la oili nyuma yake wala kugusana na puli. Kama hairuhusu, kuna pete nyembamba za chuma za kuvisha shafti, unene wake haufiki theluthi ya milimita, na sili ya saizi ile ile inakaa juu yake. Msasa haurudishi chuma kilicholika.

Kuweka mpya

Safisha nyumba ya sili kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Paka grisi kwenye mdomo na ujaze kidogo nyuma yake pale springi ilipo, ili isichomoke unapogonga. Sili kavu inaungua mdomo dakika za mwanzo kabla oili haijafika. Sili za plastiki ngumu nyeupe au nyeusi zisizo na springi, zinazokuja na kikombe chake, ndizo pekee zinazowekwa kavu, na hizo ni za injini mpya zaidi.

Mfereji wa ufunguo una kingo kali zinazokata mdomo. Mimi hukata kipande cha chupa ya maji, nikakizungushia kwenye shafti, nikapaka grisi, nikaitelezesha sili juu yake, kisha nikakichomoa.

Upande wenye springi uelekee ndani, kwenye oili. Iingize kwa vidole hadi ikae sawa, weka bomba la plastiki, na gonga polepole kwa kuzunguka, hadi ilingane na ukingo wa bodi au ifike kina ulichoandika. Ikiegemea upande, itoe uanze upya. Usiinyooshe kwa kuigonga upande mmoja. Silikoni haihitajiki mdomoni kabisa. Kwa sili iliyovikwa mpira nje, oili kidogo inatosha.

Kurudisha

Puli ya meno, ufunguo wake, kisha mkanda mpya, alama zote tatu zikiwa mahali pake. Acha springi ya tensheni ivute mkanda bolti zikiwa zimelegea. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili upande wa mshale wa saa, ukisikiliza kwa mkono wako. Ikikwama, simama, usilazimishe. Baada ya mizunguko miwili, kemshafti na pampu zitakuwa zimezunguka mara moja na alama zitarudi. Zikirudi, kaza tensheni. Zisiporudi hata kwa jino moja, toa mkanda uanze tena. Bolti ya krenki ikazwe kwa toki iliyotajwa kwenye kitabu cha injini yako, si kwa kukisia, kwa sababu puli inayocheza inakula ufunguo na shafti.

Rudisha vingine, jaza maji, jaza oili kwa kufuata stiki. Gredi ya 15W-40 inatosha kwa injini hizi nyanda zetu za juu. Kuweka oili nzito ili "isipite" ni kosa linaloendelea kufanyika: asubuhi ya baridi oili hiyo inachelewa kufika juu kwenye kemshafti, na unachookoa kwenye sili unakilipa huko. Oili ya zamani iweke kwenye dumu, isiingie mtaroni. Maji ya mitaro hii yanaishia kwenye mashamba ya mboga.

Washa, iache dakika 15 bila kava la chini la ulinzi, uangalie kwa tochi ukiwa pembeni, mbali na feni. Kisha panda mlima nalo likiwa na mzigo. Lile la mzee tulilipima kwa kwenda Isongole na kurudi, kwa sababu huko ndiko lilikokuwa likivujia.

Kama ni sili ya nyuma

Oili ikidondoka kwenye kiungo cha injini na gia boksi, na si ya tapeti kava, itabidi ushushe gia boksi, klachi na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki. Ni kazi ya watu wawili na siku nzima. Nusa kwanza: oili ya gia ina harufu ya kiberiti, na ikiwa ndiyo hiyo, sili mbovu ni ya gia boksi. Ukishafungua, badilisha sili hata kama inaonekana nzima, kagua klachi kama imelowa, na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Utoaji na uwekaji wa sili ni kama wa mbele, isipokuwa shafti ni nene zaidi na sili inapinda kwa urahisi.

Baada ya kilomita 500 rudi uangalie chini ya kava la taimingi kwa kidole. Kikitoka kikavu, kaza mikanda ya nje iliyolegea kidogo, na uandike kilomita za mkanda mpya kwa rangi kwenye kava, mahali fundi mwingine atakapoziona.